Kura ya Mgongo

Nikiri mapema: kisa hiki nimekuwa nikikiharibu. Kila nikikisimulia naanzia siku ya kura, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanakwenda zao wakidhani yule bwana alikuwa na kichaa. Hakuwa na kichaa. Alikuwa na wivu, tena wivu wake haukuanza siku ya kura. Ulianza kwenye chai. Basi leo tuanze kwenye chai, nami nitajitahidi nisikimbilie mbele.

Ushirika wa mafundi cherehani ulikuwa na ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha upande mmoja tu. Aliyekaa dirishani aliona tundu la sindano bila kukunja uso. Aliyekaa upande wa ukuta alishona kwa kubahatisha, chini ya taa inayoning'inia kwa waya na kuyumba kila mlango ukifunguliwa. Nani akae dirishani, aliamua mwenyekiti. Nani apewe sare za shule na nani aachiwe mapazia ya ofisi, mwenyekiti. Tena mwenyekiti ndiye aliyeingia kwenye baraza la mji kuwasemea mafundi, akarudi na kitambulisho kinaning'inia shingoni na maneno mazito mazito mdomoni. Mtu wa nje akikiangalia kiti chenyewe, alikiona cha mbao, mto wake umepasuka, sponji inachungulia. Kwa watu wa ndani, hiyo ilikuwa ikulu.

Makamu alikuwa makamu wa mwenyekiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Cheo kilimganda mpaka kikawa jina. Wateja walimwita Makamu, majirani Makamu, hata mama mkwe akipiga simu aliuliza, "Makamu hajambo?" Kazi yake ilikuwa suti, na hapo hata asiyempenda alinyoosha mikono: koti lake lilimkaa mtu mabegani kama limeotea hapo hapo. Shida ni kusubiri. Mwenyekiti alikuwa mzee sasa, macho yamefifia, kutunga uzi mpaka aombe msaada, na kila asubuhi Makamu alimjulia hali kwa upole uliozidi kipimo.

"Umeamkaje leo, Mzee?"

"Nimeamka mzima kabisa, Makamu," mzee alimjibu. "Pole sana."

Sasa chai. Pale ukumbini chai ilitoka kwenye chupa moja kubwa, na mmiminaji alikuwa Fundi Kola, mtu wa kushona kola za mashati, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Utaratibu ulijulikana bila kutangazwa: kikombe cha kwanza kwa Mwenyekiti, cha pili kwa Makamu, vingine vyote vikafuata njia yake. Asubuhi moja Kola akamimina cha kwanza, akampa Mwenyekiti. Akamimina cha pili, akampita Makamu, mkono wa Makamu ukiwa tayari umenyooshwa hewani, akakipeleka kwa Mama Pindo.

Huyu Mama Pindo aliingia ukumbini akiwa hajui hata mkasi unashikwaje. Makamu mwenyewe alimfundisha. Alianza kwa kukunja pindo za suruali, akakaa hapo muda mrefu mpaka jina likamkaa na yeye. Sasa alikuwa fundi kamili, mama mnene kidogo mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, na mtu cherehani yake ikikwama, kabla hajamaliza kulalamika tayari Mama Pindo yuko chini ya meza, miguu tu inaonekana, anaulizia bisibisi.

"We Kola," Makamu akasema, mkono bado uko hewani. "Kikombe kimepotea njia?"

"Hakijapotea, Makamu. Mama Pindo ana kikohozi."

"Na mimi nikikohoa mnanipa nini?"

"Wewe ukikohoa tunajua unataka kuhutubia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Pindo naye alicheka, akashindwa kujizuia, halafu akainuka na kile kikombe mpaka mezani kwa Makamu. "Chukua, mwalimu wangu. Mimi nitasubiri kingine." Akakiweka kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Makamu akanywa, na ile sukari yote iliyokuwemo hakuionja.

Tangu siku hiyo macho yake yakapata kazi mpya. Alimwona kila anayeingia: je, amemsalimu nani kwanza? Akasikia vicheko vya upande wa pili akadhani vinamhusu. Mama Pindo akipewa embe na mteja, Makamu aliona embe. Yeye mwenyewe akipewa kapu, hakuliona. Siku moja akaja bwana mmoja mkubwa wa baraza la mji kuchukua suti yake. Akasimama mbele ya kile kioo kirefu cha magurudumu, akajigeuza huku na huku, Makamu pembeni amejaa kifua akisubiri neno.

"Safi sana," yule bwana akasema. Akainama akatazama miguuni. "Hili pindo la suruali kashona nani? Limetulia hasa!"

Fikiria. Koti zima, lenye bitana, mifuko ya ndani, mabega yaliyolala kama maji, na mtu anasifia pindo! Makamu alitabasamu, lakini chaki iliyokuwa mkononi mwake ilikatika vipande viwili.

Kabla hilo halijapoa, Mwenyekiti akatangaza anapumzika. Akasema macho yamemwambia imetosha. Makamu alisikitika kwa sauti kubwa, akamshika mzee mkono, hata akafuta jicho ambalo halikuwa na kitu. Moyoni alikuwa ameshabadilisha sponji ya kiti. Mzee akauliza nani anapendekezwa. Kola akasema Makamu, wakapiga makofi. Halafu ikatoka sauti upande wa ukuta, kule kwenye taa za kuyumba: "Na Mama Pindo."

Mama Pindo akasimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Mimi?" Akatazama chini, akamtazama Makamu, akatazama tena chini. "Haya. Kama mmeona nafaa, sitakataa."

Pale ushirika hawakupiga kura kwa karatasi. Walikuwa na utaratibu wao, kura ya mgongo. Wagombea wanasimama na nyuso zao ukutani, kila mmoja na upande wake. Wanachama wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Mwenyekiti anayeondoka anapita akihesabu kwa kugusa mabega, kisha anaamuru watu warudi kwenye cherehani zao, na hapo ndipo wagombea wanaruhusiwa kugeuka na kuambiwa nani kashinda. Nani alisimama wapi, mgombea hajui na haambiwi. Watu hawa wanashinda pamoja kutwa nzima, wanaazimana mikasi na pasi, sasa mtu akijua fulani alimnyima kura, ataazimaje? Sheria ikawa moja tu, tena fupi: anayegeuka kabla ya wakati, ametoka. Na mistari ikivunjika imevunjika, haipangwi tena.

Wiki ile ya kampeni Makamu hakushona suti hata moja. Alizunguka. Aliwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, akawauliza habari za watoto ambao majina yao alikuwa akiyachanganya. Kola alimwapia: "Makamu, mimi ni damu yako, nilale niamke." Halafu Makamu, kwa kuwa sifa zake mwenyewe aliona hazitoshi, akaanza kumtia doa mwenzake. Akamnong'oneza mmoja, ambaye alihakikisha haifiki jioni bila wote kujua: "Huyo mama akipata kiti, atazungusha madirisha. Leo uko kwenye mwanga, kesho unahamishiwa ukutani, zamu kwa zamu. Hakuna atakayetulia."

Alisahau kitu kidogo. Waliokaa ukutani walikuwa wengi kuliko waliokaa dirishani.

Kesho yake wakamfuata Mama Pindo, nyuso zimechangamka. "Ni kweli utazungusha madirisha?"

"Nani kasema?" Akafikiri, pini mbili ziko mdomoni. Akazitoa. "Sikuwa nimewaza. Lakini jamani, si wazo baya."

Makamu aliyasikia kutoka mezani kwake. Roho ilimuuma kama kapigwa pasi ya moto. Wazo lake mwenyewe, alilitunga kwa ubaya wake mwenyewe, na bado sifa zimekwenda kwa yule!

Nyumbani alikula bila kujua anakula nini. Mke wake alikuwa mwanachama pia, mpiga pasi wa ushirika, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotetemeka. Alikuwa anampakulia wali.

"Mama watoto, wewe si uko na mimi?"

"Niko wapi tena? Si niko hapa nakupakulia."

"Namaanisha siku ya kura."

"Baba watoto, kura ni ya mgongo. Haiulizwi."

"Mimi ni mume wako!"

"Ndiyo maana nakujibu kwa upole." Akaweka kijiko chini. "Hebu niambie. Yule mama amekufanyia nini?"

Makamu akatafuna, akatafuta. "Hajanifanyia kitu."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Angekuwa amekufanyia kitu, ungeshamsamehe."

Makamu alisukuma sahani. Alikuwa amesikia nusu tu, ile ya kwamba haiulizwi. Mtu akisema haiulizwi, anaficha nini? Wivu ukipata mlango wa namna hiyo haubishi hodi. Kiti alikitaka, ndiyo, lakini kuanzia jioni ile kiti kilishuka nafasi. Alichotaka zaidi ni kujua: mke wake atasimama nyuma ya nani?

Kupanga ukumbi siku ya kura ilikuwa kazi ya makamu. Asubuhi na mapema, kabla ya wengine, akafungua mlango, akasogeza meza, akachora kwa chaki alama mbili za kusimamia karibu na ukuta. Kisha akasukuma kile kioo cha magurudumu mpaka mbele ya alama yake, akakiegemeza ukutani kama kitu kilichosahaulika, akatundikia juu yake koti ambalo halijatiwa mikono. Koti likafunika karibu kioo chote. Ikabaki nafasi ya kuchungulia mtu aliyesimama pale pale, na si mwingine. Akasimama kwenye alama, akajaribu. Aliona ukumbi wote nyuma yake: cherehani, mlango, meza ya pasi, mpaka kalenda ya mwaka uliopita. Akaridhika. Akakisogeza nusu hatua, akaridhika zaidi.

Wakaja. Wanaume wamechomekea, wanawake wamejifunga vitambaa vipya kichwani, maana kura ni kura hata kama ni ya ukumbini. Mzee akasimama katikati na fimbo yake.

"Wagombea, nyuso ukutani! Nisisikie shingo inalia."

Mama Pindo akasimama kwenye alama yake, akafumba macho kabisa, mikono ameikutanisha mbele kama mtoto anayesubiri kuchomwa sindano. Makamu akasimama kwenye yake, macho wazi.

"Haya, mafundi. Kila mmoja na mgongo wake."

Viatu vikaanza kuburuza sakafu. Makamu akatazama kwenye ule upenyo, na wa kwanza kumwona alikuwa Kola, damu yake, nilale niamke, akitembea kwa madaha mpaka nyuma ya Mama Pindo. Akafuata mwingine wa dirishani, yule ambaye Makamu alimwachia kitambaa cha bitana mwezi uliopita. Akafuata mama wa vifungo. Wakafuata vijana wa sare. Mstari wa Mama Pindo ulirefuka mbele ya macho yake kama uzi unaovutwa kwenye kibiringo.

Na wa kwake? Akatazama. Aliona uso wake. Aliona sikio lake. Akainama kidogo kushoto, akaona bega lake. Akainama kulia, akaona bega la pili. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Alisikia viatu, lakini mlio wa ukumbi ule ulizunguka, na kila hatua aliyoisikia aliihesabia kwa mwenzake.

Miaka yote alikuwa amesimamisha wateja mbele ya kioo kile kile, na kila mteja alimwuliza, "Na nyuma je?", naye akachukua kioo kidogo cha mkono akakishika kisogoni mwao, maana mwili wa mtu unaziba yote yaliyo nyuma yake moja kwa moja. Hili angekufundisha hata akiwa usingizini. Lakini asubuhi ile alijaribu kioo ukumbi ukiwa mtupu, na sasa wivu ulikuwa umemkaa machoni. Fundi wa suti akawa mteja.

Jasho likamshuka mgongoni. Hapo akamwona mke wake.

Alikuwa ametoka kwenye meza ya pasi, anapangusa mikono kwenye kanga. Akaingia kwenye ujia wa kati ya cherehani, ule unaopita upande wa Mama Pindo, kwa sababu ujia mwingine ulijaa watu. Akaja polepole. Akafika usawa wa mkia wa mstari wa Mama Pindo, na hapo akasita, akainua uso, na macho yao yakagongana kwenye kioo. Ukimwona mtu kwenye kioo, na yeye anakuona. Akaelewa pale pale mume wake amefanya nini. Hakushtuka. Alitikisa kichwa, kidogo tu, taratibu, kama anavyomkataza mtoto kugusa pasi.

Makamu akakisoma kile kichwa kwa namna yake.

"Hata wewe!" akapiga kelele, na akageuka.

Viatu vyote vikasimama.

Nyuma yake kulikuwa na mstari. Ulianzia kwenye visigino vyake, maana fundi wa mifuko, mtu mfupi wa upande wa ukuta ambaye Makamu hakumbuki lini alimsalimu, alikuwa amesimama karibu mpaka wakajikuta wanatazamana pua kwa pua. Nyuma yake mwingine, na mwingine, mstari ukaenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Wakongwe walikuwemo, na hata baadhi ya wale wa taa za kuyumba. Walisimama wakimtazama, na hakuna aliyejua auweke uso wake wapi.

Mke wake alikuwa bado kwenye ujia. Hakuwa kwenye mstari huu wala ule. Mguu mmoja mbele, mkono umeshika ukingo wa cherehani.

"Nani kageuka?" Mzee akauliza. Macho hayakumsaidia, masikio yalikuwa mazima.

Watu wakatazama viatu vyao.

"Jamani, nauliza."

"Makamu, Mzee," Kola akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Kageuza shingo, au?"

"Kageuka mzima mzima."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, haikubadilisha kitu. "Aliyegeuka ametoka. Rudini kwenye kazi."

"Mzee, subiri! Hesabu kwanza! Tazama mstari wangu, tazama watu wangu hawa!"

"Watu gani?"

Mistari ilikuwa imeshavunjika. Walitawanyika kama waliomwagiwa maji, kila mmoja anakimbilia cherehani yake, wameinamisha vichwa kwenye vitambaa wasivyovishona, ili Makamu asije akakariri uso wa mtu. Fundi wa mifuko alikuwa ameshajificha nyuma ya jora la khaki.

"Mzee," ikasikika sauti ukutani. Mama Pindo alikuwa bado amesimama pale, macho kayafumba. "Na mimi naruhusiwa kugeuka?"

"Geuka, mama. Geuka. Wewe ndiye mwenyekiti."

Akageuka. Akatazama ukumbi, akamtazama mwalimu wake aliyesimama peke yake na jasho lake, akakitazama kioo. Wote wakaona anakitazama. Makamu alisubiri maneno, hata alitaka atukanwe, angalau pawe na la kujibu. Mama Pindo alilishusha lile koti, akalikunja vizuri kwa mstari wa bega kama alivyofundishwa, akakisukuma kioo mpaka kwenye kona yake ya siku zote. Gurudumu moja lilipiga kelele njia nzima.

"Makamu abaki Makamu," akasema aliporudi. "Kama mwenyewe anakubali."

Makofi yakapigwa, marefu kuliko yoyote aliyowahi kupigiwa Makamu. Makamu alikubali kwa kichwa. Angesema nini? Hata huo wema alimwonea wivu. Alijiuliza, kama angeshinda yeye, je, angeutamka? Akaacha kujiuliza haraka.

Mchana kazi zikarudi. Kelele za cherehani zikajaza ukumbi, na ndani ya kelele hizo watu wanasema wapendavyo. Aliwasikia upande wa ukuta wanapangana zamu za madirisha. Akainuka, akaenda meza ya pasi, akajifanya analeta koti la kunyooshwa. Mke wake alilipokea bila kumtazama, akalinyunyizia maji.

"Nilikuwa nao wengi," Makamu akasema. "Si uliona? Mpaka mlangoni."

Pasi ikashuka. Mvuke ukapanda kati yao.

"Sikuulizi kwa ubaya. Lolote utakalosema nitalipokea. Hata kama ni yule." Akasogea, akashika upande mmoja wa koti amsaidie kulinyoosha, akakuta ameukunja zaidi, akauachia. "Nilidhani umefika. Kumbe ulikuwa bado unakuja. Sasa ulikuwa unapita tu, au..."

Mke wake akageuza koti, akachukua upande wa pili.

"Niambie tu, mama watoto. Neno moja tu na sitauliza tena. Ulikuwa unakwenda mstari gani?"